Ile "mukia mbili" ku picha ya protini haiko makosa ya programu

Ndugu Muhariri,

Salamu kwako na kwa wote wenye wanafanya kazi mu gazeti. Niko naandika kutoka Bukavu, hapa Nyawera, fasi niko na sekretaria ndogo ya kuandika na kuprinti memwari za wanafunzi, ile kazi yao ya kumaliza masomo, na mbele nifungue hii sekretaria nilisoma biokemia mpaka lisansi, kwa hiyo ile picha mulitia ku ukurasa wa vijana juma iliyopita niliiangalia kwanza kama mutu wa wino na karatasi, kiisha nikairudilia kama mutu wa protini, nikashindwa kulala.

Kwanza niwashukuru. Ile habari ilinifurahisha kabisa, juu ni mara ya kwanza naona gazeti ya Kiswahili inaongelea vijana wa kwetu wenye wanatafuta dawa mu mashini: hawana labo ya maana, umeme inakatika saa yote, lakini mutu anachukua laptop ya okazio, anadaunlodi umbo la protini ya kijidudu ya malaria, anajaribu kuona kama molekuli ya majani ya mubirizi inaweza kuingia mu ile protini na kuifunga. Hiyo ni kazi ya kweli na watu wa inchi tajiri wanaifanya vile vile. Lakini chini ya picha muliandika kwamba sehemu moja ya protini "imetokea mara mbili juu ya makosa ya programu, na wanafunzi wameisha kuisafisha". Ni hii sentensi njo inanifanya niandike. Haiko makosa ya programu. Na ile kusafisha, kama ilifanyika ginsi naonaka wengi wanaifanya hapa kwangu, njo fasi makosa inaweza kuingilia.

Munivumilie nieleze pole pole, gazeti yenu inasomwa na watu wote.

Protini ni munyororo murefu wa asidi amino wenye unajikunja. Ili kujua kila atomu iko wapi watu wanatengeneza kristali ya ile protini, wanaipiga na miale ya eksirei, kiisha hesabu inawapa kama mawingu ya elektroni, na ni mu ile mawingu wanaweka atomu moja moja. Matokeo inaenda mu hazina moja ya dunia yote, inaitwa Protein Data Bank, ilianza mwaka 1971 kule Brookhaven, Marekani, na maumbo 7 tu, na leo imepita 200,000, kila mutu anachukua bure, ata mutoto wa Kadutu na telefone yake kama mega za interneti ziko. Faili yenyewe ni maandishi tu, mustari moja kwa atomu moja. Na juu ile fomati ilizaliwa wakati kompyuta ilikuwa inakula makadi ya kutoboa, kila mustari iko na kolone 80 na kila kolone iko na kazi yake: jina la atomu liko ku kolone ya 13 mpaka 16, jina la asidi amino 18 mpaka 20, zile namba tatu za kusema atomu iko wapi zinaanza ku kolone ya 31. Katikati pale, ku kolone ya 17, kuna nafasi ya herufi moja tu. Mara mingi iko tupu, njo maana watu wanaipita bila kuiona.

Kama ile kolone ya 17 iko tupu, atomu iko na fasi moja. Kama kuna A, ujue chini yake kuna mustari ingine ya B, na wakati ingine C, za atomu ile ile. Haiko atomu mbili. Ni atomu moja yenye ilionekana fasi mbili.

Na juu ile herufi inakamatana na jina la asidi amino bila nafasi katikati, serini, yenye mu faili inaandikwa SER, inasomeka ASER kiisha BSER. Kuna kijana alikuja kwangu na flashi, memwari yake iko karibu kuisha, ananiuliza na heshima yote, "Yaya, hii ASER ni asidi amino gani, sikuiona mu silabusi?" Sikumucheka. Nilijisikia vibaya kwa ajili yake, juu miaka tano ya iniversite hakuna mutu alimuonyesha ile kolone, na mimi pia hakuna mutu alinionyesha.

Sasa mutu atauliza, inawezekana vipi atomu moja iwe fasi mbili? Fikiria vibanda 100 ku soko ya Kadutu, seremala moja alivitengeneza vyote, vinafanana kabisa. Unapiga picha ya kila kibanda kwa dakika ile ile, kiisha unapanga zile picha 100 moja juu ya ingine na unazitazama ku mwangaza. Ukuta utauona safi, juu ukuta haitembei. Lakini mulango: kama vibanda 60 vilikuwa wazi na 40 vimefungwa, utaona mulango mbili, moja nzito kidogo, ingine nyepesi. Je, kila kibanda kiko na milango mbili? Apana. Kila kibanda kiko na mulango moja, na ile picha yako ni ya wote pamoja. Kristali njo iko vile, tofauti ni kwamba mu kristali vibanda ni mamilioni kwa mamilioni. Mu faili utasoma A na okupansi (ni kusema sehemu gani ya zote iko vile) 0.60, B na okupansi 0.40, ile namba inaandikwa kuanzia kolone ya 55, na ukizijumlisha inapaswa kukupa 1.00.

Kuna namba ingine pembeni yake, wanaiita B-factor, na watu wanazichanganya. B-factor inasema atomu inatetemeka kiasi gani pale pale kwenye iko, kama mulango yenye upepo inaigusa gusa. A na B inasema mulango iliruka kabisa kutoka hali moja kwenda hali ingine. Ukiona atomu iko na B-factor kubwa lakini haina A wala B, mutu mwenye alitengeneza umbo aliona wingu imetawanyika akashindwa kutofautisha fasi mbili, ao hazikuwapo. Ukiona A na B, aliziona, akazipima, akaziandika. Ni ushahidi. Mutu wa kristali alikaa siku mingi mbele ya ile mawingu ili kutuambia kwamba hapa kitu inatembea, halafu sisi tunaita ushahidi wake makosa ya programu!

Naelewa fasi ile wazo inatokea, juu programu hazifanyi sawa. Mwaka jana, hapa kwangu, wanafunzi wawili wa kikundi kimoja karibu wagombane. Faili moja, wameitoa ku flashi moja. Wa kwanza anaifungulia mu PyMOL, programu ya kuchora protini, anaona asidi amino moja iko na mukia (ile sehemu yake yenye inachomoza pembeni ya munyororo) mbili kama ulimi ya nyoka. Wa pili anaifungulia mu ChimeraX, programu ingine ya kazi ile ile, anaona mukia moja tu, safi kabisa. Kila moja anasema programu ya mwenzake imeharibika. Hakuna yenye imeharibika. PyMOL inasoma mistari yote na inachora zote, A na B pamoja. ChimeraX inasoma zote pia lakini inaonyesha moja kwa wakati, inaanza na yenye okupansi kubwa, ile ingine inaiweka pembeni mpaka uiombe, na kuna amri yake inaitwa altlocs ya kuziorodhesha na kuzibadilisha. Kwa hiyo mwenye kuona mukia moja alifikiri faili yake haina shida, na huyo njo alikuwa mu hatari kupita mwenzake, juu mwenye kuona mukia mbili angalau alishtuka.

Sasa hii kusafisha. Kuna dawa moja ya PyMOL (haiko dawa ya kumeza, ni amri mbili tu) yenye inazunguka kutoka promosio kwa promosio, watu wanakopia tu, wengine wameiandika na bic nyuma ya kaye:

remove not alt ''+A
alter all, alt=''

Mustari wa kwanza unasema: futa kila atomu yenye haiko tupu ao A. Wa pili unasema: sasa futa zile herufi zenyewe, tufanye kama haikuwa kitu. Dawa haiko mbaya. Programu za dokingi (kujaribu mu mashini kama molekuli inaingia mu protini) na za kutembeza molekuli zinahitaji atomu moja iwe fasi moja, huwezi kuwapa mulango yenye iko wazi na imefungwa saa moja, bila hiyo protini itakuwa na atomu za zaidi, chaji za zaidi, na mufuko wa dawa, ile shimo ya protini fasi dawa inaingia, utazibwa na kitu yenye haipo. Kuchagua ni lazima. Ubaya ni kuchagua na macho imefungwa.

Juu A mara mingi njo iko na okupansi kubwa, lakini haiko sheria. Kuna faili A iko na 0.35 na B iko na 0.65. Kuna faili zote mbili ziko 0.50, pale hesabu haikuambii kitu, ni wewe utaamua na utaeleza juu ya nini. Na kuna faili, hii iliwapata watu mingi, fulani aliandika B na C bila A, basi ile dawa yetu inafuta zote mbili na protini inabaki na shimo, asidi amino imekosa mukia, programu ya dokingi haisemi kitu, inaendelea na kazi, inakuletea namba nzuri na wewe unaprinti.

Mimi mwenyewe hii kitu ilinipata na niko naisema wazi ili isaidie mwingine. Memwari yangu ya lisansi ilikuwa juu ya enzimu moja (protini yenye inaharakisha kazi ya kemia) ya kijidudu ya malaria. Nilifanya dokingi ya molekuli 14 za majani, usiku kwa usiku juu umeme ilikuwa inakuja saa sita ya usiku na kuondoka saa kumi na moja. Zote zilikataa kuingia. Nikaandika kurasa nzima kueleza kwamba hizi molekuli hazifai. Siku ya kutetea, musomi moja wa juri, mutu mupole sana, akaniuliza swali moja tu: ile asidi amino metionini ya ku mulango wa mufuko, ulichukua A ao B? Sikujua kama kulikuwa A na B. Nilirudi nyumbani nikafungua faili ya mwanzo na programu ya kuandika tu, nikatafuta ile mustari, nikakuta A 0.42, B 0.58. A ilikuwa imelala mbele ya mufuko imeufunga. B ilikuwa imegeukia inje. Nilikuwa nimechukua mulango yenye imefungwa, yenye ni ya watu wachache, kiisha nikasema wageni hawataki kuingia. Nilirudilia yote na B, na molekuli tatu ziliingia vizuri. Sisemi zile tatu ni dawa, dokingi haitengenezi dawa. Nasema tu kwamba ukurasa wangu mzima wa kukataa haukuwa na msingi, na chanzo ya makosa ilikuwa herufi moja.

Kuna mutego ingine yenye ni ya ndani zaidi na wenye wanajua kuangalia okupansi wanaangukia mu hiyo. Turudi ku kibanda. Ndani kuna kiti. Mulango inafungukia ndani, kwa hiyo ikifungwa mama anaweka kiti nyuma yake, na akitaka kuifungua anasukuma kiti mu kona. Kiti na mulango zinajuana. Ukichagua mulango wazi na kiti nyuma ya mulango, umechora kibanda yenye haijawahi kuwa. Mu protini pia asidi amino mbili zenye zinapakana, A ya hii mara mingi inaenda na A ya ile, na ukichukua A hapa na B pale juu tu okupansi iko kubwa kidogo unaweza kukuta atomu mbili zimekanyagana, zikaribiane chini ya angstromu mbili (angstromu moja ni milimita moja ukiigawanya mara milioni kumi) bila kuungana, na hiyo haiwezekani. Na ata ndani ya asidi amino moja, usichague atomu kwa atomu, chukua A yote ao B yote, bila hiyo utapata bega ya A na mukono ya B. Lakini tena usifikiri kwamba A zote za faili ni familia moja, A ya asidi amino ya 20 na A ya ile ya 150 ya ngambo ya pili mara mingi hazijuane kabisa, ni herufi tu, fundi alianza kuhesabu na A kila fasi.

Na haiko protini tu. Dawa yenyewe inaweza kuandikwa fasi mbili. Wale wenye wanafanya memwari juu ya proteazi, enzimu moja ya virusi ya sida, wanapaswa kujua hii mbele ya yote, juu ile proteazi imetengenezwa na nusu mbili zenye zinafanana kabisa, kila moja asidi amino 99, na dawa inalala katikati yao. Juu nusu ni sawa, dawa inaweza kulala kichwa huku ao kichwa kule, na mu faili mingi za ile proteazi utakuta dawa nzima imeandikwa mara mbili, A imetazama huku na B imetazama kule. Mwanafunzi anaifungua anaona fungu ya mistari imechanganyikana kama nyuzi za kushona, anasema faili imeharibika, anatafuta ingine. Ao anaiacha vile vile, anafanya dokingi ya kurudisha dawa fasi yake, kiisha analinganisha na zote mbili saa moja, anapata umbali mubaya, anakata tamaa na programu yenye ilifanya kazi yake vizuri.

Kwa wenye wanataka kujizoeza bila kumaliza mega nawaambia muchukue faili 1EJG, ni krambini, protini ndogo ya mbegu ya mumea, asidi amino 46 tu, lakini iliangaliwa kwa rezolusio (usafi wa picha) ya 0.54 angstromu, ni karibu kabisa, na A na B ziko fasi mingi. Mule mutaona kitu ya ajabu ku nafasi ya 22: haiko tu mukia yenye inageuka, ni asidi amino mbili tofauti mu nafasi moja, prolini na serini, na ku nafasi ya 25 pia, leusini na isoleusini. Juu mumea wenyewe unatengeneza krambini za aina mbili na zote ziliingia mu kristali moja. Mule ata jina linabadilika, sasa fikiria ile dawa ya kukopia inafanya nini pale, inakuamulia wewe protini gani utasoma.

Nisiache kusema kitu yenye inanigusa sana. Mwaka 2009 James Fraser na Tom Alber na wenzao kule Kalifornia walitoa kazi juu ya protini moja inaitwa siklofilini A. Kawaida kristali zinagandishwa na nitrojeni ya baridi sana, karibu digrii 173 chini ya sifuri, ili miale isiziharibu haraka. Wao waliangalia pia kristali bila kugandisha, mu joto ya kawaida ya nyumba, na mikia ya asidi amino ya ndani ikaonekana iko fasi mbili, fasi yenye baridi ilikuwa inaficha. Kiisha wakaonyesha kwamba ni ile kuruka kutoka fasi moja kwenda ingine njo inasaidia enzimu kufanya kazi yake. Walipobadilisha asidi amino moja ili kuizuia kuruka vile, enzimu ikawa polepole sana. Faili zao ziko, 3K0M ni ya baridi, 3K0N ni ya joto ya nyumba, mutu azifungue zote mbili aziweke moja juu ya ingine. Kwa hiyo B ile ya okupansi ndogo, ile tunafuta bila kuiangalia, inaweza kuwa njo kazi yenyewe ya protini.

Kuna wenye wataniambia, tuache hayo yote, tuchukue maumbo ya AlphaFold, programu yenye inakisia umbo la protini, yale hayana A wala B. Ni kweli hayana. Ile kazi ni kubwa na ilipata Nobeli ya kemia mwaka 2024, mimi pia naitumia. Lakini kukosa A na B kule haiko kwamba protini imetulia, ni kwamba programu imekupa jibu moja. Na kolone yenye kawaida ni ya B-factor, mule wanaweka kiasi gani programu inajiamini, kwa hiyo ukiisoma kama kutetemeka utasoma kinyume, juu mule namba kubwa ni nzuri. Na wenye wameandika vijiprogramu vyao vya kusoma kolone ya 17 wajue kwamba toka mwaka 2019 watu wa kristali wanapeleka faili zao mu fomati mupya, mmCIF, mule hakuna kuhesabu kolone, kuna sehemu inaitwa label_alt_id, na fasi tupu inaandikwa nukta.

Sasa Ndugu Muhariri ningeomba walimu na wenye kuongoza memwari, kama wanasoma hii barua, waombe kitu moja tu mu sura ya njia za kazi. Hakuna haja ya mashini mupya. Mwanafunzi afungue faili mu PyMOL aandike count_atoms not alt '' na namba ikiwa sifuri aendelee na safari yake kwa amani. Kama haiko sifuri aandike iterate not alt '', print(resi, resn, name, alt, q) na ataona orodha, ile q ya mwisho njo okupansi. Kama asidi amino zenye zinatokea ziko mbali na mufuko wa dawa, achukue zenye okupansi kubwa, ata kuna kiprogramu ya bure, pdb_selaltloc, ya kufanya hiyo kwa mara moja. Kama moja iko ndani ya mufuko ao ku mulango wake, afanye dokingi mara mbili, na A na B, na atoe majibu yote mbili. Na aandike mu memwari: faili fulani, asidi amino fulani, nilichukua B juu ya hii na hii. Mustari moja. Mimi naprinti memwari karibu kila siku wakati wa kutetea, na za dokingi ni mingi kila mwaka, ile mustari nimeiona mara mbili tu toka nifungue hii sekretaria, na mara zote mbili ni mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya mwanafunzi.

Najua watu watasema tuko na shida kubwa kupita herufi ya kolone ya 17, barabara, maji, usalama. Ni kweli. Lakini hawa vijana wamechagua kufanya sayansi mu hii mazingira, wanalipa mega na pesa ya chakula, wanakesha wakingoja umeme. Kazi yao ikifika mbele ya mutu wa Nairobi ao wa Ubelgiji, huyo hataangalia umeme yao, ataangalia kama wanaweza kusema walichukua mulango gani. Sitaki wajibu ginsi nilijibu mimi.

Na kwa upande wenu nawaomba murekebishe yale maneno chini ya picha. Mungeandika tu: "Asidi amino moja ilionekana fasi mbili mu kristali, picha inaonyesha zote mbili." Picha yenyewe musiitoe, ni nzuri, na ile mukia mbili njo inaifanya iwe ya kweli.

Nimeiangalia picha yenu na lupu mpaka macho inauma, naona ile asidi amino iko karibu kabisa na dawa, lakini ku karatasi ya gazeti siwezi kusoma namba yake, na makala haitaji kodi ya faili, kama vile 1EJG. Kama wale vijana wanasoma hapa, ao kama mwandishi wenu bado iko na namba yao, waniletee ile kodi ya herufi ine na waniambie ni mukia gani walibakisha. Waje Nyawera siku yoyote nyuma ya saa kumi, hawatalipa kitu, tutafungua faili ya mwanzo pamoja, na kama walifuta ile yenye haikupaswa, tutarudilia dokingi pale pale ku mashini yangu, iko na betri ya masaa matatu.

Ni mimi,
Mama wa sekretaria,
Nyawera, Bukavu